Mazoezi ya Moto kwa Kunong'ona

Keti hapa karibu nami, msomaji wangu, nikueleze kuhusu sauti moja. Ukichukua bati lililokaa juu ya nyumba miaka mingi, ukaliingizia chuma kwa chini na kulikweza, misumari haitoki kimya. Inalia. Kwanza inalia kwa sauti nyembamba, kama mtoto anayejikaza asilie mbele ya wageni, halafu mbao inauachia msumari ghafla na bati lote linatetemeka. Juzi jirani yangu alikuwa anabadilisha paa lake. Mimi nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki, na msumari wa kwanza ulipolia kisu kilinitoka mkononi, kikaanguka karibu na vidole vya mguu. Watoto wangu walicheka. Mimi niliketi kwanza kwenye kigoda, kisu bado kiko sakafuni.

Nikiwaambia watu kwamba nilizaliwa Kibera na kwamba tulipoteza nyumba yetu siku ya moto, hunipa pole na kudhani wameelewa. Hawajaelewa, na si kosa lao. Lazima nianze na jinsi nyumba zetu zilivyokaa.

Tuliishi upande ule ambao ukisimama mlangoni unaona magorofa ya Nyayo Highrise, yakiwa karibu kiasi cha kuona rangi ya nguo zilizoanikwa madirishani. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja katika safu ndefu iliyoteremka mteremkoni, vyumba vimeshikana ukuta kwa ukuta na paa kwa paa, hivi kwamba jirani akikohoa ulimsikia, na akikaanga vitunguu uliona njaa. Kule juu mwanzoni mwa safu ndiko kulikokuwa na vibanda vya kukaanga samaki na mandazi, na nyaya za stima zilizofungamana kama uzi uliochezewa na paka. Katikati, safu ilijikunja kidogo. Hapo kwenye mkunjo nyuma kulikuwa na mtaro, na mbele palikuwa na uwazi ambapo maji yaliuzwa. Vyumba viwili tu ndivyo vilivyokaa kwenye mkunjo huo: cha juu kilikuwa cha Dani, na cha chini kilikuwa chetu. Kwingine kote safu ilibanwa na safu nyingine mbele na nyuma. Tafadhali kumbuka huo mkunjo.

Dani si jina lake. Ni neno la Kijaluo la nyanya, na watu wote wa safu yetu, wawe Wajaluo au Waluhya kama sisi, walimwita hivyo. Alikuwa mjane, miguu imevimba, na alitembea kama mtu anayekanyaga mayai.

Ndani, nyumba yetu ilikuwa nzuri. Mama alikuwa amebandika katoni ukutani kuzuia baridi, na juu ya katoni akabandika magazeti kwa uji wa ngano. Magazeti hayo ndiyo yaliyonifundisha kusoma. Ukurasa mmoja, ulio karibu na kitanda changu, Mama aliubandika juu chini kwa sababu ya haraka, na hata leo naweza kusoma gazeti unaloshika wewe huku nimekaa mbele yako. Ukuta ule ulikuwa wangu. Nilijua habari zake kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisani.

Sasa nije kwa mpango wa Baba. Mwaka mmoja moto ulikuwa umepita upande wa pili wa reli, na Baba, ambaye alikuwa kibarua wa mjengo, alirudi jioni akinuka moshi kwa kuwasaidia watu. Hakula. Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani na kumaliza chakula, alituambia tukae kitandani sote watatu: Mama, mimi Nafula, na mdogo wangu Nekesa ambaye hata viatu alikuwa bado anavaa mguu huu kwa ule.

"Moto ukija," alisema, "hakuna mtu wa kuuliza nifanye nini. Kila mtu atakuwa anajua."

Akagawa kazi. Mama angembeba Nekesa mgongoni kwa leso na kushika ule mfuko wa nguo uliokaa tayari chini ya kitanda. Mimi ningechukua mkoba wa shule, nigonge kwa Dani, nimshike mkono, na nimpeleke relini. Tungekutana kwenye nguzo ya chuma kando ya reli. Na kama tungepotezana hapo, kila mmoja angeenda Kawangware kwa Senje, dada yake Baba. Siku moja alitutembeza njia hiyo yote kwa miguu, tukavuka barabara ya Ngong, akinisimamisha kila kona na kuniuliza, "Hapa unashika wapi?" Nikikosea tunarudi nyuma. Nilichoka, lakini hadi leo mtu akinifunga macho naweza kufika.

"Na wewe, Baba?" nilimuuliza. "Wewe utabeba nini?"

"Mimi nitakuwa nyuma yenu. Mkigeuka mtaniona."

Baada ya hapo tulifanya mazoezi karibu kila Jumapili. Shida ilikuwa moja. Katika Kibera huwezi kupiga kelele ya "Moto!" bila moto, watu wangemwaga maji yao ya kununua, wangetupa magodoro nje, na wakigundua ni mchezo wangekufundisha adabu. Kwa hiyo Baba alinong'ona. Alisimama mlangoni, akaangalia huku na huku, akasema kwa sauti ya mtu aliye kwenye maktaba: "Moto." Nasi tukaruka. Mama alifunga leso akicheka, Nekesa akipiga mateke, mimi nikikimbia kwa vidole vya miguu hadi kwa Dani na kugonga polepole.

Dani alipenda mazoezi yale kuliko mtu yeyote. Kwake ilikuwa matembezi. Jumapili alikaa tayari ameshavaa koti na kitambaa cha kichwa, mkoba mapajani, na asubuhi tukikutana kwenye maji aliniuliza, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, "Nyathina, moto wa leo unakuja saa ngapi? Nisije nikaweka maharagwe jikoni bure."

Kitu kimoja tu sikukielewa. Nyuma ya mlango Baba alikuwa ameleta nondo, chuma kirefu kilichopigwa bapa upande mmoja. Haikuwa katika kazi za mtu yeyote.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya wezi," alijibu, na akanisukuma kichwa kidogo kama alivyozoea. "Mwizi akiiona atakumbuka ana shughuli kwingine."

Nilicheka. Nililala vizuri kuliko watoto wote wa Kibera. Wenzangu waliogopa moto. Mimi nilikuwa na mpango.

Moto ulikuja Jumamosi mchana. Nilikuwa nje nikisugua viatu vya shule kwa kipande cha gunia. Kwanza ilikuwa harufu, mafuta yaliyoungua kupita yale ya kukaanga mandazi, halafu kelele kule juu, halafu watu wakateremka wakikimbia na vitu ambavyo hata wao hawakujua kwa nini wamevibeba. Mwanamume mmoja alipita na mfuniko wa sufuria peke yake. Baba alitokea katikati yao. Hakupiga kelele. Aliinama karibu na sikio langu na kunong'ona, kama Jumapili zote, "Moto." Hapo ndipo nilipojua ni wa kweli.

Mikono yangu ilifanya yote bila mimi. Mkoba, mlango wa Dani, gonga. Dani alifungua, akaniangalia kwa mshangao.

"Lakini leo si Jumapili."

"Ni wa kweli, Dani. Twende."

Alirudi kuchukua koti. Nilimvuta, akalichukua hata hivyo, nami nikamwongoza kwa hatua zake za mayai hadi kwenye nguzo ya reli. Mama alikuwa ameshafika, Nekesa mgongoni, mfuko mkononi. Tulikuwa wote. Niliona fahari kubwa. Niliona kwamba sisi peke yetu katika umati ule hatukuwa tukilia wala kutafutana. Nikageuka nimwonyeshe Baba jinsi nilivyofanya kazi yangu.

Hakuwa nyuma yetu.

Kutoka kwenye tuta la reli unaona mapaa yote. Moshi mweusi ulikuwa juu ya vibanda, na ndimi za moto zilikuwa zimeanza kuteremka kwenye safu yetu, bado mbali kidogo na mkunjo. Na juu ya paa letu kulikuwa na watu. Nilimtambua Baba kwa shati lake. Pamoja naye alikuwa Baba Otis, jirani wa chini yetu, na wanaume wengine wa safu. Nilidhani wanamwaga maji. Nilipiga makofi, Mungu nisamehe. Nilimwambia Nekesa, "Ona, Baba analinda nyumba."

Kisha nikaisikia ile sauti. Msumari wa kwanza ulilia, halafu wa pili, halafu mingi kwa pamoja. Baba alikuwa ameinama na ile nondo, anang'oa paa letu.

"Anafanya nini huyu?" Mama aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu.

"Wanakata moto!" mtu mmoja kando yetu akasema kwa furaha. "Wanatoa nyumba moja, moto ukose pa kushika. Hao ni wanaume!"

Umati ulishangilia. Bati likianguka wanashangilia. Nguzo zikikatwa wanashangilia. Ukuta wa mbele ulipolala, chumba chetu kilibaki wazi mbele ya Kibera yote: kitanda, pazia, katoni na magazeti yangu. Waliyavuta kwa mikono na kuyatupa mtaroni, maana karatasi ndiyo chakula cha moto. Ule ukurasa wa juu chini niliuona ukipeperuka. Na moto ulikuwa bado haujatufikia. Hilo ndilo watu hawaelewi wanaponipa pole. Nyumba yetu haikuungua. Ilibomolewa na baba yangu, kwa chuma kilichokuwa nyuma ya mlango wetu.

Moto ulimaliza sehemu ya juu ya safu, ukamaliza chumba cha Dani, ukafika kwenye pengo, ukasimama. Nyumba zote za chini zilibaki.

Tulilala Kawangware. Senje alikuwa na chumba kimoja pia, na alikigawa kwa shuka iliyoning'inia kwenye kamba. Alitupokea vizuri, akapika, akasema mambo ya kutia moyo. Baba alifika jioni mikono imechanika. Mama alimwosha vidonda na kumfunga vitambaa bila kumwambia neno. Na kimya hicho kiliendelea. Mezani Mama aliniambia, "Mwambie baba yako chai iko tayari," naye Baba yuko hapo hapo, goti lake limegusa langu. Nami nikamgeukia: "Baba, chai iko tayari." Na yeye: "Mwambie mama yako asante." Nekesa aliona ni mchezo mzuri, akaanza kumwambia kila mtu mambo ya kila mtu.

Siku moja mchana, Senje akiwa kazini, Mama aliacha kunituma, akamgeukia Baba.

"Ulijua tangu lini?"

Baba alikuwa anafunua kitambaa mkononi. "Tangu kabla ya Krismasi. Tulikaa wanaume kwa Baba Otis. Tukaona pa kukata ni kwenye mkunjo. Hakuna pengine, kwingine safu zimebanana na moto ungeruka."

"Na ukasema nyumba yangu."

"Nyumba yetu."

"Yangu. Wewe uliitoa, kwa hiyo si yako." Mama alikuwa akiongea polepole, jambo lililonitisha zaidi. "Jumapili zote zile umeturusha kama panzi. Tunacheka. Unaniangalia nikibandika gazeti jipya ukutani, na unajua."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Ningekataa, ningelia, ningekutukana mpaka ukoo wako. Halafu pengine ningekubali. Lakini hukunipa hata hiyo nafasi ya kukataa. Moto haunijui, Baba Nafula. Wewe unanijua."

Baba alisema kwamba wanaume walipeana mikono. Yeyote ambaye nyumba yake ingebomolewa, wote wangemjengea: huyu nguzo, yule mabati, wote nguvu zao. Wiki haingeisha kabla nyumba haijasimama. Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayejua nyundo yake iko wapi.

Mimi nilikuwa nyuma ya shuka na nilisikia yote. Sikufikiria moto, wala mabati. Nilifikiria kwamba aliniambia nondo ni ya wezi.

Unajua tayari, nadhani, habari ya ile ahadi. Baba alienda Kibera, akarudi. Akaenda tena. Baba Otis alimwambia, "Ndugu yangu, si unaona hali? Ngoja kidogo tu." Mwingine alikuwa na mgonjwa. Mwingine alisema tuwangoje wale wa juu walioungua wajenge kwanza, maana wao ndio waliopatwa na moto, sisi hatukuungua. Hakuna aliyekataa. Walimpa chai kila alipokwenda. Kisha Mama akaenda mwenyewe, nami nikafuatana naye. Mahali petu palikuwa safi, pamefagiliwa. Walikuwa wamefunga kamba kutoka ukuta wa Baba Otis hadi kwenye kijiti walichosimamisha ng'ambo ya majivu ya kwa Dani, na nguo zimeanikwa zinapepea. Mama Otis alitoka na beseni.

"Karibu, Mama Nafula! Umeona hewa? Hapa sasa pamekuwa pazuri sana. Hata watoto wanapata pa kuchezea."

Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa anafurahi kweli. Shuka moja iliyolowa ilikuwa imening'inia pale pale kilipokuwa kitanda changu. Mama alimsalimia, akaulizia watoto, tukarudi Kawangware.

Katika safu ile yote, mtu mmoja tu alikuja kututembelea. Dani alikuwa amehamia kwa binti yake, ambaye aliishi hapo hapo Kawangware, na siku moja tukaona koti lake mlangoni. Alileta omena, wale dagaa wa ziwani, zilizofungwa kwenye gazeti. Senje alimpa kiti kizuri. Baba alikuwepo; alisalimia na kuangalia sakafu.

Dani alikunywa chai hadi mwisho, kisha akamuuliza Baba, kwa upole kabisa, "Kwa nini hamkubomoa yangu?"

Baba alishtuka. "Dani, tungewezaje? Wewe ni mjane. Kung'oa paa la mjane ni kama kukufukuza mjini. Hakuna mwanamume aliyeweza hata kulitaja."

"Mliogopa kuniuliza."

"Tulikuheshimu."

"Sawa, mliniheshimu. Na moto ungetoka wapi, nyathina? Kwa samaki kule juu, si ndio? Kila mtu alijua. Yangu iko juu, yako iko chini. Mngetoa yangu, pengo lingekuwa pale pale kwenye mkunjo, na yako ingesimama mpaka leo. Yangu iliungua hata hivyo." Aliweka kikombe chini. "Binti yangu amekuwa akiniita nihamie huku tangu zamani. Mimi ni mtu mmoja na kitanda kimoja. Mngeniuliza ningewapa hiyo nyumba, na ningewapikia mkiibomoa. Lakini mlikaa ninyi, mkaamua ya kwangu na ya huyu mama, na sisi wenyewe tuko hapo nje tunachota maji."

Mama akainuka, akachukua kikombe cha Baba, akakijaza, akampa mkononi. Hakunituma. Hakuwa amemsamehe, na sitakudanganya hapo. Hilo lilichukua miaka, na sidhani lilikamilika. Lakini siku hiyo Mama aliona kwamba mwanamume aliyemficha jambo alikuwa naye amefichwa majibu, kwa sababu hakuuliza.

Mimi nilichukua muda zaidi. Nilikua Kawangware, nikasomea huko, na kwa miaka mingi Baba akiniahidi jambo niliitikia ndiyo na moyoni nikatafuta nondo iko nyuma ya mlango gani. Nilidhani kosa lake ni kuchagua majirani badala yetu. Sasa nina watoto, nami nimewahi kuwaficha mambo ili walale, najua jinsi uongo mdogo unavyoonekana kama blanketi. Baba hakutuchagulia vibaya kwa kukosa kutupenda. Alifanya mpango mzuri sana wa kutoka nyumbani, njia, mahali pa kukutana, mtu wa kumshika Dani mkono. Na kutokana na mpango huo sote tulitoka wazima. Aliacha sehemu moja tu, ile ngumu, akaibeba peke yake miezi yote ile, akituangalia tukicheka. Na kwa sababu aliibeba peke yake, aliibeba vibaya.

Juzi, baada ya kuokota kile kisu, niliwaita watoto wangu tupange mpango wetu wa moto.

Nawe fanya hivi. Leo mkimaliza kula, kabla vyombo havijaondolewa, waite watu wote wa nyumba, na yule mdogo, na yule mzee unayedhani atachoka. Mwambie kila mmoja atabeba nini na mtakutana wapi, na mtembee njia hiyo kwa miguu. Kisha waambie ni kitu gani mtakiacha, uwaulize kama wanakubali. Nyamaza, na usiinuke hapo mpaka kila mmoja wao amejibu.